Mzee wa Sinema na Sauti ya Kuazima

Mzee wa Sinema alikuwa hatoki kumwaga taka kama watu. Kwanza anafungua mlango kidogo, anachungulia barabara. Khalafu anasimama kizingitini, anainua kidevu, anatulia kama anangojea kitu, ndipo anashuka na mfuko wake mweusi kama mtu anayeteremka farasi. Mie niko dirishani kwangu, nyumba ya pili, na kikombe changu cha chai, nshachoka na magoti, nshachoka na baridi, najisemea, "Haya, bwana mkubwa keshaingia."

Msiniulize kazaliwa mwaka gani wala baba yake nani. Hakuniambia, na mie sikumuuliza. Kwa umri wetu jirani unamuuliza usingizi vipi, humuulizi ukoo. Nilichojua ni kuwa katoka Bhutani, kijinchi cha milimani kilichobanwa baina ya India na China, na kwamba kwao alikuwa mtu wa sinema, anaigiza, watu wanambandika picha yake ukutani. Hapa Selly Oak, kwa Waingereza, alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu anayengoja basi. Kaja kukaa na binti yake, nesi, kwenye nyumba iliyoshikana na yangu ukuta mmoja.

Mtaa wetu ule wote ni wanafunzi. Kila mwaka wanakuja wengine, wanaacha makochi nje, wanaondoka. Wazee tulikuwa wawili tu, mie na yeye, kama meno mawili yaliyobaki.

Ukuta wenyewe mwembamba. Ukipiga chafya, wa pili anakuombea afya. Kila jioni saa kumi na mbili, binti akiwa hayuko kazini, namsikia mzee anamwita kuja kula. Anamwita jina la nyumbani, la kitoto, ambalo sitalitaja hapa maana ni lao. Sauti yake, wallahi, nyembamba kama birika likianza kuchemka. Inapanda, inatetemeka huko juu, inakatika. Na binti kutoka ghorofani anamjibu neno moja, la kuwa anakuja. Mie nikiisikia ile nilikuwa najua wakati wa kupasha wali wangu umefika.

Mtasema tulikuwa tunaongea lugha gani. Kiingereza chake kibovu na changu kibovu zaidi. Mie skuli sikwenda hata kwa kufagia. Lakini nilipokuwa msichana Unguja tulikuwa tunakwenda kutazama picha za Kihindi mpaka tunalia na leso zinarowa, na yeye huko kwao milimani vilevile kalelewa na picha hizohizo. Basi tukakuta tuna Kihindi. Ila Kihindi cha sinema, jamani, hakina neno la bomba la maji wala la pipa la taka. Kina moyo, kina damu, kina kiapo, kina mama mzazi.

Asubuhi moja ananigongea, uso kauvaa msiba mtupu. Akiniita didi, dada mkubwa, ijapokuwa kanizidi miaka, mwongo yule. Anasema, "Didi, nyumba yangu inalia. Njoo kabla hatujachelewa."

Nikajua kuna maiti. Nikajitanda ushungi, nikatoka mbio na magoti haya. Nafika, bomba la jikoni limepasuka, maji yanaruka.

Nikamwambia, "Kwa jina la mama yako, lete kitambaa."

Akasema, "Nitakileta, hata kama ndio mwisho wangu."

Tukafunga bomba kwa soksi yake. Siku nyingine nilitaka akate tawi la mti wake lililoangukia kamba yangu ya nguo. Neno la tawi sina. Nikamwambia, "Bhai, ndugu yangu, kati yetu kuna kitu kimesimama." Akakaa siku mbili hatoki, anafikiri kanikosea nini. Siku ya tatu nikamshika mkono nikamwonesha.

Watu wawili wazima, kuomba chumvi tu mnaongea kama mnaagana vitani.

Lililotufunga hasa lilikuwa tambuu. Siku ya mwanzo kabisa alipohamia, kaniona nimekaa mlangoni na kijaluba changu, natafuna. Akasimama. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kijaluba chake. Ndani yake jani, popoo, chokaa, vilevile. Kwao ndiyo heshima ya mtu, hata kabla ya salamu unampa mwenzio tambuu. Akanikunjia moja, akanipa kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo tambuu ya Ijumaa anaifunga yeye, ya Jumanne naifunga mie. Majani tunayafuata dukani kwa Wabangali, mabasi mawili, na njiani anakaa dirishani upande wa barabara, kanyoosha shingo, pengine atapita mtu wa kwao amtambue. Na kama akitokea mtu mwenye sura ya kwao, anavuta kofia mpaka machoni. Nikimwuliza, "Sasa unataka wakuone au hutaki?" ananiambia, "Didi, wakiniona watataka niseme." Mie sikumfahamu. Nikacheka tu.

Alikuwa na vituko vyake vingine. Kwenye picha alikuwa jemadari, anakata watu vichwa. Nyumbani anamwogopa paka wa wanafunzi. Konokono akimkuta njiani anamwokota kwa jani, anamvusha upande wa pili, anamwombea. Jioni anakula kari ya ng'ombe. Namwambia, "Huyu konokono umemwonea huruma, na ng'ombe je?" Ananijibu, "Ng'ombe sikumkuta njiani." Pilipili alikuwa anazianika juu ya mapipa ya taka, nyekundu tupu, na kwao pilipili si kiungo, ndiyo mboga yenyewe, wanaipika na jibini. Mara ya kwanza kunipa nilikunywa maji jagi zima, na yeye ananitazama machozi yananitoka, anasema kwa upole, "Hii nimepunguza." Siku kubwa za kwao anavaa joho lao, kakunja mpaka magotini kafunga mkanda, na soksi ndefu kama mtoto wa skuli. Nikamwambia kanzu yako imekatika. Akasema na yako imezidi. Mtani wangu yule.

Na bakuli. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, alilijua hilo bila kufundishwa. Nikimpelekea pilau, bakuli linarudi na pilipili, au kipande cha jibini, au machungwa mawili. Siku zote.

Jumapili tulikuwa tunatazama picha zake kwangu. Anakuja mwenzangu Mama Bahati, Mkongo wa Bukavu, mlokole, mcheshi, tunamwondolea mzee upweke. Mzee anakuja na sidii zake kwenye mfuko wa nailoni. Picha zenyewe kwa lugha yao, hatusikii neno, basi mie nakaa karibu na tivii nawatia wote Kiswahili. Mie nimejaaliwa hilo, mtu nikimsikia mara moja sauti yake inanikaa kooni. Nafanya bibi harusi, nafanya mchawi, nafanya farasi. Na nikifika kwa jemadari, yaani yeye mwenyewe, nateremsha sauti mpaka tumboni, maana jemadari alikuwa na sauti ile, nene, inayotoka kama ngoma ndani ya pango: "Nani kathubutu kuvuka mto wangu?"

Mzee anafurahi mpaka anapiga goti lake. Anazungusha kidole hewani, hivi, kama anakoroga chai. Hiyo ndiyo alama ya wakubwa wao wa picha, kuwa rudia tena. Narudia. Akitosheka anakata hewa kwa kiganja. Imetosha.

Kila picha anakufa. Mama Bahati anashika kichwa, "Eh Mungu wangu, muzee iko anakufa tena? Juu ya nini anakufaka kila siku?" Namtafsiria. Mzee anasema, "Kufa ni kazi nyepesi. Husemi kitu." Na akijiona pale kalala, kafumba macho, mkewe wa kwenye picha anamlilia, analia na yeye. Kila mara. Analia kifo chake mwenyewe halafu anauliza kama chai ipo.

Basi kosa langu ndilo hili. Mie nilidhani kapenda nimwigize. Mtu anayekuambia rudia, rudia, utamwelewa vipi?

Ilikuwa chakula chetu cha sikukuu, ukumbini, watu wameshiba, wanawake wanataka vichekesho. Nikafanya imamu akikohoa. Nikafanya Mama Bahati anagombana na mashine ya kulipia dukani, "Weye mashini, minakwambia sina mufuko." Ukumbi umelala kwa kicheko. Nikamwona Mzee wa Sinema kakaa mbele na joho lake, nikasema haya, nimpe na yeye heshima. Nikasimama kwenye kizingiti cha mlango, nikainua kidevu, nikangoja, nikashuka farasi. Watu wakapasuka. Khalafu nikamwita binti yake kuja kula. Ile sauti ya birika, vilevile, inapanda, inatetemeka, inakatika.

Watu walicheka mpaka viti vinalia. Hata binti yake alicheka, kaziba mdomo.

Mzee akainuka. Akafunga kijaluba chake, akakitia kifuani. Akaniinamia kidogo, kwa adabu, akatoka. Na alivyotoka hakungoja mlangoni, hakuinua kidevu. Alitoka kama mtu yeyote anayetafuta choo. Hapo ndipo nilipojua kuwa nimeharibu, lakini nimeharibu nini sikujua.

Ijumaa haikuja tambuu. Nikapeleka pilau. Bakuli likarudi limeoshwa, limefutwa, tupu. Nimezika mume, nimezika ndugu, lakini bakuli lile tupu mlangoni lilinikalisha chini. Baridi yote ile ikapita hivyo. Saa kumi na mbili natega sikio ukutani, kimya. Binti alikuwa anaitwa kwa kugonga bomba la hita na kijiko. Mzee alikuwa kaacha kuita.

Mama Bahati akaniambia, "Mama, weye kila siku unabebaka sauti za batu. Hii moja urudishe."

Nikafunga tambuu moja nzuri, nikaenda. Akanifungulia. Samahani kwa Kihindi sikuwa nayo ila moja, ya mwanamke anayemwangukia mume wake kwenye mvua. Basi nikaisema hiyo, nzima, na mikono yake, maana ndiyo iliyokuwepo. Nikamwambia, "Nimeutia moto moyo uliokuwa nyumba yangu. Niue, au nisamehe."

Akaniangalia. Mdomo ukaanza kucheza. Akasema, "Ingia, Didi, usife hapa nje."

Ndipo akanihadithia. Ile sauti nene kwenye picha haikuwa yake. Wakati wao picha zinapigwa kwanza, sauti zinatiwa baadaye ndani ya chumba. Yeye alikuwa na uso, na mabega, na kupanda farasi. Sauti wakamtilia ya mtu mwingine, mtu wa redio, mfupi, mnene, hajui hata kupanda ngazi. Picha zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Na kwao zamani picha inapelekwa kijijini. Wanabeba mashine kwa farasi siku mbili, wanaionesha skuli, watu wamejaa mpaka madirishani. Kijiji kimoja picha imekwisha, watu wakasema huyo jemadari asimame atuambie neno. Akasimama. Akasema asanteni.

"Walicheka?" nikamwuliza.

"Kwanza walinyamaza," akasema. "Khalafu akainuka bibi mmoja, mzee kama wewe. Akasema, huyu katumwa. Mwenyewe yuko wapi?"

Tangu hapo, kila kijiji anainama tu na kushuka. Watu wakasema ana majivuno. Akaona afadhali majivuno. Hata kwenye simu hasemi, hata binti alipokuwa huku peke yake akimwomba amtumie sauti, alikuwa anamtumia picha ya chakula. Na yule mtu wa redio alipofariki, kazi ikafa naye, maana watu walikuwa hawamtaki jemadari mwenye sauti nyingine yoyote. "Siku walipomchoma yeye," akasema, maana kwao maiti huchomwa moto, "na mimi nilichomwa. Nilimlilia. Na njiani kurudi nilimtukana."

Nikamwambia naapa, sauti yako sitaifanya tena, mbele ya mtu wala ukuta. Akakubali. Tukatafuna. Jioni ile saa kumi na mbili birika likachemka, nikapasha wali wangu.

Basi tukaishi hivyo, tunazeeka, majani yanapanda bei, mabasi yanachelewa. Na mwaka huu, mwisho wa baridi, kikampiga kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, na ulimi nao. Hospitali wakamweka wiki nyingi, khalafu wakampeleka nyumba ya kutunzia wagonjwa kule Sutton Coldfield, kwenye bustani na magari makubwa. Kutoka kwangu ni treni moja tu, hubadilishi, lakini ngazi za stesheni, jamani. Mwezi mzima nilisema nitakwenda kesho.

Nilipokwenda, nilimkuta kitini karibu na dirisha, kofia yake kichwani, mdomo umevutika upande. Binti kakaa kitandani na nguo zake za kazi, macho mekundu, hajalala huyu siku ngapi sijui. Nikamwekea mzee kijaluba chake kwenye paja. Kutafuna hawezi. Akakipapasa kwa mkono wa kushoto.

Binti akanitoa kando, akaniambia kwa Kiingereza, polepole ili nifahamu, "Anti, ninaye kwenye sinema kumi na nne. Hakuna hata moja anayosema yeye. Sina ujumbe wa simu, sina video, kila nikimrekodi alikuwa anafunga mdomo. Daktari anasema sauti pengine hairudi. Na mimi usiku naanza kuisahau." Akanishika mkono. "Siku ile ukumbini ilikuwa yeye kabisa. Plizi, Anti. Niite kama alivyokuwa akiniita."

Nikamwambia siwezi. Nimemwapia baba yako.

"Nitaweka kwenye simu tu. Nje hataisikia mtu."

"Mwanangu, nimemwapia."

Chumba kidogo kile, utamnong'oneza nani. Nikageuka, nikamwona Mzee wa Sinema ananitazama. Kiharusi hakikumgusa masikio. Nje wanakata majani kwa mashine. Khalafu kidevu kikainuka. Kidogo kidogo, upande mmoja tu, lakini kikainuka, akangoja kama anavyongoja kizingitini.

Nikamwuliza kwa Kihindi chetu, "Bhai, unaniruhusu?"

Akafumba macho, akafumbua.

Binti akanyanyua simu. Nikajisafisha koo. Na hapo nikafanya ujinga wa adabu. Nilimwonea huruma. Nikasema nisimwaibishe, nimpunguzie. Nikamwita yule binti jina lake kwa sauti ya katikati, nene kidogo, ya mzee wa heshima yeyote.

Mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye kijaluba. Kidole kikazunguka hewani, kama kinakoroga chai.

Rudia.

Nikarudia, nimeipandisha kidogo. Bado naogopa. Kidole kikazunguka tena, na safari hii macho yake yamekasirika hasa, kama jemadari wa mtoni. Nikafahamu anachokitaka. Hataki ya kuazima tena.

Basi nikavuta pumzi, nikaacha koo liende lilikokuwa linajua. Nikamwita kama anavyoitwa ukutani saa kumi na mbili, nyembamba, inapanda, inatetemeka huko juu, inakatika, na harufu ya pilipili ndani yake.

Na binti, simu mkononi, akaitika. Hakufikiri. Lilimtoka tu lile neno lao moja, kuwa anakuja, kwa sauti ya mtu aliye ghorofani. Khalafu akasikia alichosema, akaketi sakafuni.

Mzee alimtazama muda mrefu. Akageuza macho kwangu. Akakata hewa kwa kiganja.

Nilirudi na treni, nimekaa upande wa dirisha, koo linaniuma mpaka Selly Oak. Ile sauti ya jemadari ningeifanya siku nzima nisichoke. Hii nyembamba mara moja tu ilinimaliza. Nikapanda ngazi za stesheni nikishika ukuta, nikafika kwangu jioni, nikakaa na koti langu. Ilipofika saa kumi na mbili nikainuka, nikapasha wali.